Wimbi la baridi kali: makala yake yenyewe, au sehemu ya makala ya msimu?

Swali lilikuwa hili: siku tano za baridi kali, vituo kadhaa vya hali ya hewa vimevunja rekodi za tarehe, magazeti yamejaa picha za mabomba yaliyopasuka, na mhariri mmoja ameshaanzisha makala Wikipedia. Mwenzake ameweka kigezo cha ufutaji, yaani alama ya kupendekeza makala ifutwe. Makala ibaki au iondoke?

Karibu kila anayetetea makala ya namna hii huanza na nyuzi za kipimajoto, na hapo ndipo hoja yake inapolegea. Baridi hupimwa kwa mazoea ya mahali. Tarehe 24 Januari 2016 Hong Kong ilishuka hadi nyuzi 3.1 za sentigredi, na hiyo ilikuwa baridi kubwa kuliko zote pale tangu 1957. Wimbi hilohilo liliangusha theluji kisiwa cha Amami Oshima, Japani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 115. Nyuzi 3 hizohizo mjini Chicago mwezi Januari hakuna anayezigeukia. Kwa hiyo namba peke yake haithibitishi umaarufu wa tukio, yaani kwamba vyanzo huru vimeliandika kwa kina kiasi cha kustahili makala.

Tena tuwe waangalifu na neno "rekodi". Rekodi ya tarehe maana yake ni baridi kuliko tarehe hiyohiyo ya miaka mingine, basi. Piga hesabu: kituo chenye kumbukumbu za miaka 60, kama hali ya hewa haibadiliki, kitapata kwa bahati tu wastani wa rekodi kama 6 za tarehe kila mwaka (siku 365 gawa kwa 60). Vituo 40 vikiripoti rekodi za tarehe ndani ya siku tano, ni dalili kwamba baridi ilienea, lakini si jambo la kihistoria. Rekodi ya mwezi ina uzito zaidi. Rekodi ya muda wote ya kituo, au ya jimbo zima, hiyo ndiyo ya kutajwa mwanzoni mwa makala.

Hata hiyo usiiandike siku ileile. Mount Carroll, Illinois, ilisoma nyuzi 39 chini ya sifuri tarehe 31 Januari 2019, na kamati ya rekodi za majimbo ya Marekani iliichunguza kwanza ndipo ikaikubali Machi. Kituo cha Klinck kule Greenland kilipima nyuzi 69.6 chini ya sifuri tarehe 22 Desemba 1991; mwaka 2020 ndipo Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipolitambua kuwa joto la chini kabisa lililowahi kupimwa katika kizio cha kaskazini. Kabla ya uthibitisho, andika "kipimo cha awali".

Kosa linaloharibu makala nyingi ni kuchanganya joto la hewa na baridi inayohisiwa kwa sababu ya upepo. Mlima Washington, New Hampshire, Marekani, Februari 2023: hewa ilikuwa takriban nyuzi 44 chini ya sifuri, lakini namba iliyozunguka kwenye vichwa vya habari ilikuwa 78 chini ya sifuri, yaani hesabu ya upepo. Marekani na Kanada zilibadilisha fomula ya hesabu hiyo mwaka 2001, hivyo namba za zamani hazilinganishiki na za leo mpaka zikokotolewe upya.

Sasa vyanzo, ambavyo ndivyo vinavyoamua. Fungua orodha ya marejeo, na pembeni ya kila rejeo andika tarehe yake na aliyeandika kwanza. Futa tabiri zote, kwa kuwa zilitoka kabla ya tukio. Habari moja ya shirika la habari iliyochapishwa na magazeti kumi na mawili ihesabu kuwa chanzo kimoja. Taarifa za mamlaka ya hali ya hewa zibaki kwa ajili ya takwimu, ila usizitumie kuthibitisha umaarufu, maana mamlaka hutoa taarifa kila siku ya Mungu. Orodha ya marejeo 30 inaweza kubaki na manne. Katika hayo, tazama mangapi yameandikwa baada ya barafu kuyeyuka.

Mfano ulio wazi ni Texas, Februari 2021. Mamilioni ya watu walikosa umeme. Hesabu rasmi ya vifo ilianza na 57 mwezi Machi, ikapanda hatua kwa hatua hadi 246. Mwezi Juni sheria ya jimbo ya kulazimisha mitambo ya umeme ihimili baridi ilitiwa saini, na Novemba FERC, msimamizi wa nishati wa serikali ya shirikisho, na NERC, shirika linaloweka viwango vya uimara wa gridi ya umeme, wakatoa ripoti ndefu ya chanzo cha kukatika kwa umeme. Hapo hakuna anayehitaji kubishana juu ya nyuzi.

Mfano huohuo una mtego. Wikipedia ya Kiingereza ina makala tofauti za siku zile, zikiwemo za dhoruba ya theluji, wimbi la baridi, na janga la umeme. Zimesimama kwa sababu kila moja ina vyanzo vyake. Wengi huiga mgawanyo huo bila kuwa na vyanzo hivyo, kisha vifo vya ajali za barabarani vilivyosababishwa na theluji vinahesabiwa kwenye dhoruba na kwenye baridi pia. Kila kifo kiandikwe na chanzo chake: baridi mwilini, moshi wa jenereta au mkaa ndani ya nyumba, barabara. Usijumlishe namba za magazeti tofauti. Mara nyingi ni watu walewale.

Na kabla ya kusema vyanzo hakuna, tafuta kwa lugha ya mahali. Baridi inayoua mifugo Mongolia, wenyewe huiita dzud, huandikwa kwa kina Kimongolia wakati magazeti ya Kiingereza yana aya mbili tu.

Kwa makala iliyoulizwa, nisingeifuta. Ondoa jedwali la nyuzi na tabiri, uone kinachobaki. Zikibaki aya mbili au tatu, ziunganishe kwenye makala ya majira ya baridi ya mwaka huo, kwenye muhtasari wa kuhariri (maelezo mafupi ya kila badiliko) utaje ukurasa zilikotoka pamoja na kiungo, kisha jina la zamani ligeuze kuwa elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye sehemu hiyo. Historia ya ukurasa isifutwe, kwa sababu leseni ya Wikipedia inadai waandishi waendelee kuonekana. Jina liwe la mwezi, mwaka na eneo, bila lakabu za televisheni. Mjadala wa ufutaji kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa kawaida huchukua siku 7, na ripoti ya vifo inaweza kuchukua miezi. Ikitoka, au uchunguzi wa mabomba na umeme ukichapishwa, elekezo linageuzwa kuwa makala kwa dakika tano, na maandishi yote ya mwanzo yapo kwenye historia.