Jibu: Nani aliwahi kumwambia Mobutu hapana?

Ndugu yangu, uliuliza kama ndani ya benki kuu yetu ya Kongo, enzi zile Zaire, aliwahi kutokea mtu wa kumkatalia Rais Mobutu pesa. Alitokea, ila hakuwa gavana wala Mkongomani. Ni Erwin Blumenthal, Mjerumani wa Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani, aliyetumwa Kinshasa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1978 kusimamia benki hiyo yetu.

Huyo mzee alifunga bomba kweli. Kampuni kama 50 zilinyimwa fedha za kigeni mpaka zilipe madeni yao, na Litho, ndugu wa rais, naye hakuachwa. Hapa Lubumbashi tunaelewa uzito wake, maana fedha hizo ni jasho la watu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, shaba yetu. Baba angali na noti ya zaire 10, pesa yetu ya zamani, ndani ya Biblia, imelainika kama kitambaa. Kila nikiishika namkumbuka Blumenthal.

Aliondoka 1979. Mwaka 1982 akaandika ripoti: wanaoidai Zaire wasitegemee kulipwa, kwa sababu ya ufisadi wa wakubwa. Kinachoniuma mpaka leo, wakopeshaji waliisoma, na bado wakaendelea kumkopesha Mobutu.