Umevunjika Moyo? Usikimbilie Mistari ya Ushindi

Ujumbe unaofika mara nyingi ni huu: "Mtumishi, naomba, nafunga, lakini moyo umekufa. Nifanyeje?" Kazi haipatikani, ndoa imeyumba, mgonjwa hajapona. Na karibu kila anayeuliza ameshatumiwa mistari ile ile kwenye WhatsApp, wa kwanza ukiwa Yeremia 29:11, ambamo Mungu anasema anawawazia watu wake mawazo ya amani, awape tumaini. Mstari ni wa kweli, ila hukatwa kichwa na miguu. Soma kuanzia mstari wa 4. Ni barua kwa watu waliochukuliwa utumwani Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Anayeahidiwa mema kwa mstari wa 11 peke yake atayangoja Ijumaa, na yasipofika Ijumaa atadhani Mungu amemwacha.

Ukitaka kujua Mungu anavyomshughulikia aliyekata tamaa, fungua 1 Wafalme 19. Nabii Elia ametoka kuwashinda manabii wa mungu Baali katika mlima Karmeli, malkia Yezebeli anatishia kumuua, anakimbia hadi mji wa Beer-sheba. Huko anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, na kuomba afe. Malaika anayekuja hahubiri. Anamletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Elia anakula, analala tena, anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Ndipo safari ya siku 40 kwenda Horebu, mlima wa Mungu, inaanza.

Basi fuata mpangilio huo huo. Kama mawazo yamekunyima chakula na usingizi, usitangaze mfungo mwingine. Acha mkesha wa wiki hii, kula asubuhi hata kama ni uji tu, lala mapema siku tatu mfululizo. Sala iwe fupi. Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa wiki mbili, nenda hospitali. Paulo alimwandikia Timotheo habari za tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, wala hakumwambia ana imani haba. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu umeombewa. Na ukianza kuwaza kujiua, mwambie mtu saa hiyo hiyo, usibaki peke yako, mwende hospitali pamoja.

Kisha angalia hesabu ya Elia. Mara mbili anamwambia Mungu, "Nimesalia mimi peke yangu." Lakini katika 18:13 Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba amewaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akiwalisha. Elia alikuwa na habari hiyo, ila huzuni iliifuta. Na Mungu anamtajia 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Chukua karatasi, andika kila sentensi yako yenye "hakuna", "kila mtu" au "siku zote", halafu mbele yake andika majina ya watu. Aliyekupigia simu mwezi huu. Aliyekukopesha nauli. Usiandike "watu wa kanisani", andika jina.

Kwa sala yenyewe, tumia Zaburi 13. Ina mistari 6 na imegawanyika vizuri: 1 na 2 ni malalamiko, 3 na 4 ni ombi, 5 na 6 ni tumaini. Kwenye malalamiko, "hata lini" inarudiwa mara nne. Andika nne zako, tena kwa undani: "Hata lini nidaiwe kodi ya miezi mitatu?" ni sala; "Hata lini niteseke?" haijasema kitu. Ombi liwe moja. Mistari 5 na 6 isome kwa sauti kama ilivyo, hata kama moyo haujakubali. Dakika 15 zinatosha, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima.

Wengi huharibu sehemu mbili. Wanaruka malalamiko wakiogopa kumkosea Mungu, kana kwamba Daudi, ambaye zaburi hii ni yake, alikosea kuyaimba. Au wakifika neno "adui" wanaweka jina la shangazi au jirani, na sala inageuka kutafuta mchawi. Adui wako aandikwe kwa jina la tatizo: deni, ugonjwa, hofu. Na kama mistari 5 na 6 inakukwama kooni, nenda Zaburi 88, inayoishia gizani bila neno la sifa. Nayo imo ndani ya Biblia, na ni halali kuiomba.

Neno kwa wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake ndipo walipomkasirisha Mungu, kama asemavyo mwenyewe katika Ayubu 42:7. Acheni kumuuliza aliyevunjika moyo ametenda dhambi gani. Nendeni wawili, si kumi. Bebeni unga na mafuta ya kupikia. Msikilizeni nusu saa bila kumkatiza, ombeni sala ya dakika mbili, na kabla ya kuaga semeni siku mtakayorudi. Kisha mrudi siku hiyo hiyo.