Kabla hujagusa dishi, fungua daftari

Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, chaneli sita zilipotea kwa mpigo kwenye runinga yangu. Nilifanya kile ambacho karibu kila mpenzi wa dishi hukifanya mara ya kwanza: nikachukua spana namba kumi na tatu, nikapanda juu, nikalegeza nati na kuanza kulisukuma dishi kidogo kidogo. Baada ya saa tatu nilikuwa nimezipoteza hata zile chaneli zilizobaki. Kesho yake ndipo nilipogundua kwamba dishi halikuwa na kosa lolote. Transponda ile, yaani njia moja ya satelaiti inayobeba chaneli kadhaa, ilikuwa imehamishwa kutoka DVB-S, mtindo wa zamani wa kurushia, kwenda DVB-S2, mtindo mpya. Masafa yalikuwa yaleyale na polariti (mkao wa mawimbi, wima au mlalo) ileile, ila mtindo wa mawimbi ulibadilika na risiva yangu ilibaki na maelezo ya zamani. Kuiskani upya transponda hiyo kungechukua dakika moja.

Tangu siku hiyo naandika vipimo vya mawimbi kwenye daftari, na spana haiguswi mpaka daftari lisomwe. Na ushauri wangu kwa yeyote anayeanza kufuatilia mabadiliko ya satelaiti ni huo: anza na daftari, vifaa vingine vitafuata. Orodha za chaneli kwenye tovuti za LyngSat na KingOfSat ni hazina, nami huzitazama kila siku, lakini zinakueleza kilichoko angani. Hazikuelezi kilichokuwa kinafika kwenye dishi lako wiki iliyopita. Hilo unalijua wewe tu, na ukishindwa kuliandika limepotea.

Huhitaji kuandika kila chaneli. Mimi huchagua transponda nne kwa kila satelaiti ya Ku, bendi inayopokewa na madishi madogo ya nyumbani, na huziita mashahidi: moja ya wima masafa ya chini, moja ya wima masafa ya juu, na mbili za mlalo vivyo hivyo. Sababu iko ndani ya LNB yenyewe, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. LNB ya kawaida ya Ku hupokea kuanzia 10.7 hadi 12.75 GHz, na risiva huiamuru kupitia waya uleule wa mawimbi: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo, na toni ya 22 kHz inapotaka masafa ya juu, yaani kuanzia 11.7 GHz. Sasa mashahidi wakianza kusema, sikiliza vizuri. Mashahidi wawili wa mlalo wakinyamaza na wa wima wakaendelea, tafuta volti 18 zinazopotea njiani: waya mrefu mno, kiungio chenye kutu, risiva inayochoka. Wa masafa ya juu wakinyamaza wote, toni haifiki, na mara nyingi swichi ya DiSEqC, ile inayounganisha LNB kadhaa kwenye risiva moja, ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Wote wanne wakishuka pamoja taratibu, hapo ndipo unaweza kufikiria dishi limesogea au maji yameingia kwenye LNB. Na shahidi mmoja tu akinyamaza huku watatu wakiwa imara, kaa chini. Kuna mtu kituo cha kurushia amebadilisha kitu.

Unapoandika, andika kwoliti, yaani ubora wa mawimbi, achana na mstari wa nguvu ya mawimbi. Nguvu hukudanganya, maana LNB huzalisha kelele zake yenyewe na mstari huo unaweza kusimama juu hata dishi likiwa limeelekezwa mahali pasipo na satelaiti. Risiva yako ikiweza kuonyesha desibeli, andika desibeli, kwa sababu asilimia za risiva moja hazilingani na za nyingine. Andika pia FEC (kiasi cha data za ziada za kusahihisha makosa) na kasi ya simboli (kasi ya kutuma data), kwani hivyo ndivyo vinavyobadilishwa kimyakimya bila masafa kuguswa. Kuhusu saa, tumia UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa mtindo wa saa 24. Sisi tunaosema saa mbili tukimaanisha 20:00 tunajua jinsi maelezo ya mtu mwingine yanavyoweza kukupoteza nusu siku nzima.

Mara moja kwa mwezi fanya blaindi skani, yaani risiva ipekue masafa yote bila kutegemea orodha, kwa sababu skani ya kawaida hutafuta tu kile ambacho risiva tayari inakijua. Kabla ya hapo hifadhi orodha ya chaneli kwenye flashi. Tafadhali usiruke hatua hii. Risiva nyingi zinauliza kama zifute orodha ya zamani, kidole kinabonyeza ndiyo, na kumbukumbu ya miezi inaondoka.

Ukizoea, utaanza kuona mambo kabla hayajatangazwa. Chaneli mpya haiji na picha moja kwa moja. Kwanza huja mawimbi matupu: kwoliti ipo, jina hakuna. Kisha huja jina la mpito, kitu kama "Test 1". Kisha mistari ya rangi na mlio mmoja mrefu. Siku moja unafungua, picha ipo. Kuondoka nako kuna dalili zake. Chaneli ileile huonekana kwenye transponda mbili kwa wiki kadhaa, kisha ya zamani hubaki na tangazo lisilosogea la kumtaka mtazamaji askani upya, kisha kimya. Nyuma ya kuondoka huko mara nyingi kuna hesabu ya gharama. Shirika la ARD la Ujerumani lilipozima chaneli zake za ubora wa kawaida kwenye satelaiti za Astra zilizo nyuzi 19.2 mashariki (longitudo zinapokaa angani) tarehe 7 Januari 2025, vipindi vilevile vilikuwa tayari vinarushwa kwa HD, na kulipia nafasi mara mbili hakukuwa na maana tena.

Kuna mabadiliko makubwa zaidi, ya satelaiti nzima. Hot Bird 13F na 13G zilirushwa Oktoba na Novemba 2022, na satelaiti hizo mbili zikachukua kazi ya tatu zilizokuwa nyuzi 13 mashariki. Mtazamaji wa kawaida hatakiwi kuhisi uhamisho wa namna hiyo. Lakini anayeandika kwoliti kila wiki ana nafasi ya kuuona kama ngazi kwenye namba zake, transponda hii imepanda, ile imeshuka kidogo, wakati hali ya hewa ni ileile na dishi halijaguswa.

Na kuna misiba. Tarehe 19 Oktoba 2024 Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki, ilivunjika vipande huko juu, na wateja wake Ulaya, Afrika na sehemu za Asia wakakatika. Katika hali kama hiyo, swali la kwanza ni je, jirani yupo? Intelsat 39 iko nyuzi 62, upande uleule wa anga. Jirani akiwa mzima na mashahidi wako wote wamekufa kwa dakika moja, dishi lako na waya wako havina hatia.

Usisahau jua pia. Karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, Machi na Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti kwa mtazamo wa dishi, na mawimbi hufifia dakika chache kila siku kwa siku kadhaa. Nimeona watu wakibadilisha LNB nzima kwa ajili ya jambo hilo.

Lakini kilichonifunga moyo kwenye kazi hii ni satelaiti moja ya zamani niliyokuwa nikiifuatilia kwa dishi la futi sita. Shahidi wangu wa wima alikuwa akisoma kati ya 70 na 72 kwa miezi. Kisha mchana mmoja nikakuta 58. Usiku, 71. Kesho yake mchana, 57. Nikasema ni joto, jua linaipiga LNB. Nikaifunika. Haikusaidia. Nikabadilisha waya, nikakaza nati zote za mlingoti, hali ikawa ileile, na kushuka kukazidi wiki hadi wiki.

Jibu lilikuwa kwenye daftari, nami nilikuwa nimelipita kila siku. Nilichukua karatasi ya miraba nikaanza kuweka nukta: tarehe chini, saa ya kwoliti ndogo kabisa pembeni. Nukta hazikulala mstari mmoja. Zilikuwa zinateremka. Kila siku bonde hilo la kwoliti lilikuja takriban dakika nne mapema kuliko jana, siku kumi na tano saa nzima. Joto la mchana halina tabia hiyo. Kinachowahi dakika nne kila siku ni nyota, kwa sababu dunia huzunguka kamili kwa saa 23 na dakika 56, na satelaiti nayo huenda kwa mzunguko huohuo.

Satelaiti ile ilikuwa imeacha kujizuia isiyumbe kaskazini na kusini. Mvutano wa mwezi na jua huipindisha njia yake polepole, karibu nyuzi moja kila mwaka, na kupambana na mvutano huo hula sehemu kubwa ya mafuta. Mafuta yakikaribia kwisha, wenye satelaiti huchagua kuiacha iyumbe ili idumu zaidi. Dishi dogo lingechelewa kulitambua hilo, kwa kuwa huona eneo pana. Langu la futi sita lina jicho jembamba, likaanza kuiona ikitoka na kurudi.

Niliendelea kuiandika kwa zaidi ya mwaka. Chaneli zilihama moja baada ya nyingine, bonde likawa pana, mwishowe nilikuwa naipata kwa vipindi viwili tu kwa siku, nami nikijua dakika ya kuisubiri. Satelaiti iliyomaliza kazi husukumwa juu kilomita mia kadhaa kutoka njia ya kilomita 35,786, isiwazuie wengine. Shahidi wa mwisho alikuwa wa wima, masafa ya chini. Nimeandika 31, kisha 29, kisha sifuri, 09:42 UTC. Siku tatu zilizofuata nilirudi, kila siku dakika nne mapema, na kurasa zake zina sifuri tatu.