Madogo mnaopokea wageni, punguzeni mdomo

Juzi pale Terminal 3, uwanja wa ndege Dar, nimemsikia dogo mmoja, fulana ya kampuni bado ina mikunjo ya dukani, anamwambia mgeni eti malaria hamna bana, sisi wenyewe hatumezi chochote. Begi lenyewe halijaingia kwenye gari! Nilitaka nimvute sikio. Sasa someni, anayejua kila kitu apite tu.

1. Brifingi ifanyike siku ya kwanza mkiwa mmekwama kwenye foleni Barabara ya Nyerere, mgeni hana pa kukimbilia. Maji ya bomba asinywe. Mifuko ya plastiki marufuku tangu Juni 2019, naye hana msamaha. Ikulu, polisi na jeshi asipige picha. Na simu asiishike dirishani, wa bodaboda akiipitia ndo imeenda.

2. Malaria. Hapa naomba mtulie. Nilikuwa na mzee mmoja Mjerumani na mkewe, tumewapeleka Hifadhi ya Nyerere, boti kwenye Rufiji, viboko, raha tupu. Mzee alikuwa anameza doksi (doxycycline, dawa ya kujikinga na malaria), na zile dawa zinafanya ngozi iungue jua haraka, basi yule mtu akawa mwekundu mpaka masikio. Akaniuliza kama lazima aendelee nazo. Na mimi, kwa kujitia mwenyeji, nikacheka nikamwambia mzee wangu sisi huku hatumezi, mbu wanatujua. Akaziacha. Mtu na elimu yake kaacha dawa ya daktari kwa sababu dereva kacheka! Tukaenda Ruaha, tukarudi, tumefika Kibaha anatetemeka, nikasema ni AC hiyo, nikampa panado, homa ikashuka nikajiona daktari. Usiku mkewe ananipigia simu, mzee anaongea vitu havieleweki. Hospitali wakapima, malaria kali, sindano za artesunate papo hapo. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akauliza kama alikuwa anatumia kinga, mzee hakujibu, mkewe ndo akanigeukia. Sijawahi kutamani sakafu inimeze kama siku ile. Alipona, Mungu mkubwa, na alipoondoka akanipa tip nene kabisa kwenye bahasha. Bora angenitukana.

Yani sisi tuliokulia huku mwili umezoea kiasi, na bado tunalazwa, sembuse mtu aliyeshuka kwenye ndege wiki jana. Doksi anatakiwa amalizie wiki 4 baada ya kutoka kwenye eneo la malaria, mkumbushe hata mkiwa mnaagana. Homa yoyote kuanzia siku ya saba tangu aingie eneo la malaria apimwe siku hiyohiyo, na akiumwa akiwa kwao amwambie daktari alikuwa Tanzania. Panado sio kipimo jamani.

3. Salamu. Mnawafundisha shikamoo mnaishia hapo, hamuwaambii anaamkiwa nani. Nimemwona bibi wa Kizungu, mvi kichwa kizima, anamwamkia muuza madafu pale Kariakoo, kijana mdogo tu, na lile toto likaitikia marahaba kwa sauti nzito bila hata haya, soko zima likacheka. Bibi akafurahi akanunua matatu. Sawa, hiyo ilienda vizuri, ila fundisheni. Na kutoa kitu ni mkono wa kulia.

4. Zanzibar. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anatakiwa awe na bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima, bima yake ya kwao haimsaidii kwenye hilo. Inalipiwa mtandaoni. Nyie mnakumbuka mkiwa mmeshafika bandarini, boti inapiga honi, mgeni anahangaika na kadi ya benki na intaneti inazunguka tu. Muulizeni jana yake hotelini. Bikini ibaki ufukweni, Mji Mkongwe mabega na magoti yafunikwe, na Ramadhani asitembee anatafuna barabarani. Akigoma mwambieni kwa adabu, halafu msimsindikize sokoni hivyo hivyo mkijifanya hamjamuona, mana watakaoulizwa ni nyie.