Kuchora grafu kwa Python: kompyuta haiijui fanksheni yako

Ukifungua daftari la Jupyter (programu ya kuandika na kuendesha msimbo wa Python kwa vipande viitwavyo seli), ukaandika mistari mitatu na grafu ya sin x ikatokea, ni rahisi kuanza kuamini kila picha itakayofuata. Ndugu zangu mnaoanza, punguzeni imani. Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchorea grafu, haichori fanksheni. Inapokea nukta, inaziunganisha kwa vipande vya mstari ulionyooka, basi. Nukta zenyewe unazichagua wewe.

Jaribu hili (np ni NumPy, maktaba ya hesabu; plt ni Matplotlib; linspace hapa hutoa nukta 11 zenye nafasi sawa kutoka 0 hadi 10):

x = np.linspace(0, 10, 11)
plt.plot(x, np.sin(2*np.pi*x))

Ulitarajia mawimbi 10, lakini unapata mstari unaoshuka taratibu, tena wenye sura ya kuaminika. Sasa tazama kushoto, juu ya mhimili wa wima: kuna maandishi madogo, 1e−15. Thamani zote hizo ni sifuri. Unachokiona ni masalia ya kompyuta kukadiria desimali. Nukta zako 11 zimeangukia 0, 1, 2 hadi 10, pale pale wimbi linapokata sifuri. Badilisha 11 iwe 1000, mawimbi yote yatajitokeza. Usipotaja idadi, linspace hukupa nukta 50, ambazo hapa zitakuchorea mawimbi yenye kona kona.

Tan x nayo ina hila zake. Ichore kutoka −5 hadi 5 na utaona mistari ya wima karibu na 1.57 na 4.71, pande zote mbili za sifuri. Wengi huidhani asimptoti, yaani mistari ambayo grafu huikaribia bila kuigusa. Wapi! Ni nukta ya juu kabisa imeungwa na ya chini kabisa. Ukishapata y = np.tan(x), kabla ya kuchora andika y[np.abs(y) > 10] = np.nan; penye nan (yaani “si namba”) mstari hukatika.

Madogo madogo: kipeo ni **, si ^. Fanksheni math.sin haipokei safu ya namba, tumia np.sin. Duara likitoka kama yai, ongeza plt.axis('equal').

Halafu daftari lenyewe lina kumbukumbu. Ukifuta seli iliyosema a = 3, hiyo a bado ipo, kwa hiyo grafu inachorwa vizuri kwako na kugoma kwa mwalimu. Kabla ya kutuma kazi, anzisha upya keneli (injini inayoendesha msimbo na kutunza kumbukumbu hiyo), kisha endesha seli zote kuanzia juu. Namba za mabano pembeni mwa seli zikisomeka [7], [2], [15], ujue hujafanya hivyo.