Maswali ya Wasomaji: Damu ya Mbuzi Haisomwi kwa Kipimo cha Mtu

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya kazi maabara ya kituo cha mifugo. Mashine ya wanyama hatuna, hivyo damu ya mbuzi tunaipitisha kwenye mashine ya hospitali. Majibu yanatoka chembe nyekundu chache mno, chembe sahani (zile za kugandisha damu) kupita kiasi. Lakini mbuzi mwenyewe anakula vizuri, na ukifunua kope, ndani pamekoza wekundu. Mgonjwa ni nani hapa, mbuzi au mashine?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Mbuzi hana neno. Mashine inamsoma kama mtu.

Chembe nyekundu ya binadamu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na ujazo wa femtolita (kipimo kidogo mno cha ujazo) 80 hadi 100. Ya mbuzi haifiki hata maikromita 4½, na ujazo wake ni femtolita 16 hadi 25 tu. Hakuna mfugo wa nyumbani mwenye chembe ndogo kuliko hizo. Mashine ya hospitali imewekewa mpaka: kilicho kidogo kuliko hapo kinahesabiwa kuwa chembe sahani. Basi nyekundu za mbuzi zinaangukia kapu lisilo lake. Tofauti hizi zimejulikana siku nyingi. George Gulliver, daktari mpasuaji wa jeshi la Uingereza, alipima chembe za wanyama wengi kwa hadubini katika karne ya 19.

Himoglobini ya mashine hiyo, yaani kipimo cha rangi nyekundu inayobeba oksijeni, bado inaweza kukufaa, kwa sababu chembe hupasuliwa kwanza, kisha hupimwa rangi. Hesabu ya chembe iache. Pima PCV kwa mkono, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Jaza kapilari, kile kijibomba chembamba cha kioo, robo tatu, ziba ncha kwa udongo wake, zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 12,000 kwa dakika. Damu ya mtu hutosheka na dakika 5. Ya mbuzi ipe 10, maana chembe ndogo hushuka polepole, na ukiitoa mapema PCV itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mbuzi mwenye afya huwa kati ya asilimia 22 na 38.

Angalia pia chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ukiitilia damu kidogo, dawa inazidi, chembe zinanywea, na PCV inashuka bila ugonjwa wowote. Na damu ya mbuzi hupasuka upesi: usiivute kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, wala usiitikise. Pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10.

SWALI: Himoglobini ya kuku inatoka juu ajabu. Kwa nini?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Chembe nyekundu za ndege zina kiini. Ukizipasua, viini hubaki vikielea na kuleta ukungu, na kipimo huuhesabu ukungu huo kama rangi. Changanya maikrolita 20 za damu na mililita 5 za dawa ya Drabkin (ya kupimia himoglobini), zungusha ili viini vitue chini, kisha soma maji ya juu tu kwenye nanomita 540.

SWALI: Slaidi ya ngamia imejaa chembe zenye umbo la yai. Mwenzangu anasema ni ugonjwa wa damu.
Mwanafunzi, Isiolo

JIBU: Hapana, ndivyo ngamia alivyoumbwa. Knut Schmidt-Nielsen, aliyewachunguza ngamia Béni Abbès, Algeria, mwaka 1953 na 1954, alionyesha kwamba ngamia hustahimili kupoteza maji ya zaidi ya robo ya uzito wake, kisha akanywa lita 100 kwa dakika kama 10. Maji hayo yakiingia kwenye damu huifanya hafifu, na chembe hufura. Ya ngamia, yenye umbo hilo la yai, huweza kufura hadi zaidi ya mara mbili ya ujazo wake kabla ya kupasuka. Ya mtu hupasuka mapema zaidi.

Ile kanuni mliyofundishwa, himoglobini mara tatu ni sawa na PCV, kwa ngamia haifanyi kazi. Himoglobini 13 na PCV 30 kwake ni kawaida, kwa kuwa chembe zake zimeshiba himoglobini kuliko zetu. Usirudie kipimo ukidhani umekosea.

Na kapilari ukishasoma PCV usiitupe. Ilaze chini ya hadubini, lenzi ya 10, uangalie pale utando mweupe unapokutana na maji ya damu. Vimelea vya surra, ugonjwa wa damu wa ngamia, kama vipo, utaviona vikijinyonganyonga hapo. Fanya hivyo damu ikiwa mbichi, vikishakufa havionekani.