Milioni tano: kisima Chamwino au hatifungani ya maji?

Mkuu, umeuliza milioni tano uchimbe kisima cha kuuza maji Chamwino au ununue hatifungani (unaikopesha taasisi hela, inakulipa riba). Kwa hela hiyo kisima na pampu ya sola ni ngumu kutosha, tena huku kwetu Dodoma unaweza kuchimba weee ukakuta maji ya chumvi au floraidi imezidi, so kabla ya hela kutoka nenda bodi ya maji ya bonde (wanaosimamia vyanzo vya maji vya eneo lenu) ukaulizie kibali na upimaji. RUWASA, wakala wa maji vijijini, nao uwaone, usije ukafungua kioski cha maji pembeni ya mradi wa maji wa kijiji.

Ingekuwa mimi ningeweka nusu kwenye hatifungani ya kijani (ya miradi ya mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024, riba 13.5% kwa mwaka, miaka 10, sasa hivi unaipata kwa broka kupitia DSE, soko la hisa la Dar. Iliyobaki mkopeshane kwenye vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa) watu wajenge vyoo, ila vigezo vya mkopo muandike kabisa.